Baiskeli ya Marehemu Baba na Posa ya Nassoro

Kuna mtaa mmoja pale Ilala ambao mimi siku hizi siupiti, na ikinilazimu kuupita basi navua kofia, navaa miwani ya jua ya mke wangu na kutembea upesi upesi nikiangalia chini kama mtu aliyeangusha ufunguo. Mtaa wenyewe sitautaja, msinibembeleze, nimeahidi. Lakini aibu niliyoipata pale nitawaelezeni yote mwanzo mwisho, kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu wengine, tena vibaya, tena wanaongeza mbuzi. Mbuzi hakuwepo. Majina nayo nimeyabadili, isipokuwa la Kasimu, ambaye ameniomba mwenyewe nimtaje kwa sababu anasema ni tangazo la bure.

Mimi nina duka la vifungo, zipu na nyuzi Kariakoo, na naishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu, na nina miaka hamsini na miwili ambayo kiunoni inaonekana kama sitini. Mwaka juzi nilikwenda kupima presha, na yule dada wa kupima akaangalia mashine, akaniangalia mimi, akaangalia tena mashine, halafu akasema, "Mzee, fanya mazoezi, hata baiskeli tu." Hata baiskeli tu! Mtu ambaye ujanani nilikuwa naendesha kutoka Kariakoo mpaka Ubungo huku nimeachia usukani, nakula karanga! Basi nikarudi dukani nikatangaza kwamba narudi kwenye baiskeli, nikamtangazia mke wangu, nikawatangazia wateja, hata watu waliokuja kununua zipu moja ya suruali waliondoka na habari hizo. Nilitangaza mwezi mzima. Kupanda ndiyo nilikuwa sijapanda.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yangu, zile nyeusi za zamani zenye bomba la juu na keria ya chuma, na baba alikuwa mtu mrefu, akiingia mlangoni anainama, wakati mimi kimo nimechukua kwa mama, ambaye akiingia mlangoni hakuna kinachotokea. Kiti kilikuwa kimeganda kwa kutu palepale baba alipokiweka, hakishuki hata ukipige nyundo. Kwa miaka sita nilikuwa nimemwazima Kasimu, jirani yetu anayezunguka mitaani kuuza dawa ya kunguni na panya, na nilipomwambia kuwa naitaka akairudisha dukani bila maneno, siku ya Jumamosi, saa saba mchana, imesuguliwa inang'aa. Ila nyuma kwenye keria alikuwa ameiacha spika yake ya kutangazia, imefungwa kwa mipira ya tyubu mafundo kama kumi.

"Mzee, hii nitaifuata jioni, kuifungua ni kazi," akaniambia. "Ila usiiguse, ina ugonjwa wake. Ukiipiga kofi inaamka. Ukiipiga lingine inalala."

"Sasa mimi nitaipiga kofi kwa kosa gani?" nikamuuliza, tukacheka wote wawili.

Sasa, Jumamosi ileile ndiyo ilikuwa siku ya posa ya Nassoro. Nassoro ni mtoto wa dada yangu, baba yake alishafariki, kwa hiyo kwenye mambo yake mimi mjomba ndiye kila kitu. Alikuwa amempenda binti mmoja, Zuhura, mwalimu wa chekechea, na kupenda kwenyewe kulikuwa kule kwa kukonda, mpaka dada yangu akawa ananipigia simu kuniambia idadi ya chapati alizoacha. Mimi ndiye niliyeteuliwa kuwa mshenga, yaani wa kupeleka barua ya posa na kuzungumza kwa niaba ya upande wetu. Tatizo lilikuwa baba yake Zuhura, Mzee Shomari, karani mstaafu, mtu wa saa. Alishawahi kurudisha posa moja nzuri tu ya kijana mwenye kazi yake kwa sababu mshenga alifika amechelewa nusu saa akasingizia foleni. Inasemekana alimwambia hivi: "Ikiwa mshenga hajui saa ya kuja kuposa, huyo anayemposea atajuaje saa ya kurudi nyumbani?" Na barua haikufunguliwa.

Kwa hiyo Nassoro alikuja dukani asubuhi, amenyoa, macho mekundu. "Mjomba, nakuomba. Saa kumi. Siyo saa kumi ya Kariakoo. Saa kumi yenyewe." Nikamwambia mwanangu, umemkabidhi mtu mzima, nenda kapumzike.

Na kweli nilijiandaa. Kanzu nyeupe ya kupigwa pasi, koti, kofia ya kufuma kwa mkono, na barua ndani ya bahasha, bahasha ndani ya leso nyeupe iliyofungwa fundo zuri, leso ndani ya mfuko wa koti upande wa moyo. Mwenzangu wa kwenda naye, Mzee Hemedi, kwa woga wake alikuwa ametangulia tangu adhuhuri, ameshakaa ukweni anakunywa kahawa. Mimi nikaswali alasiri, nikampigia mtu wa bajaji, naye akaniambia amekwama, mbele lori la mizigo, nyuma lori la mizigo, hata mlango wa kushukia hauna nafasi. Saa tisa na dakika thelathini na tano.

"Nenda kwa miguu," mke wangu akasema, alikuwa amekuja kunifunga vifungo vya koti. "Dakika ishirini na tano umefika, Baba Rukia."

Na hapo jamani ndipo palikuwa pa kusimama. Laiti ningesema sawa, ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo. Lakini nilitazama jua lile, nikajiona nafika ukweni nimelowa jasho, kanzu imeganda mgongoni, kisha nikaitazama baiskeli ya baba imesimama pale inang'aa, na moyo ukaniambia, leo ndiyo leo.

"Na hiyo spika?" mke wangu akauliza.

"Imelala," nikamjibu.

Kupanda tu kulikuwa ni mradi. Baba alikuwa anaisukuma, anakanyaga pedali moja, halafu anarusha mguu kwa nyuma, lakini nyuma kulikuwa na spika, na mbele kulikuwa na bomba, na katikati kulikuwa na kanzu. Mwisho nilipanda juu ya ngazi ya duka, nikakunja kanzu nikaichomeka kiunoni, nikakaa juu ya kiti kama ninayekaa juu ya ukuta, na mke wangu akanisukuma mgongoni huku anasema jambo ambalo sikulisikia vizuri ila mwishoni lilikuwa na neno "mjane".

Nikaenda! Wallahi nikaenda, na mwili haukuwa umesahau. Miguu ilikuwa inagusa pedali kwa ncha tu za viatu, zikiwa chini kabisa nazipoteza, zikirudi juu nazidaka tena, lakini upepo ulikuwa unaingia kwenye koti na nilijisikia kijana wa miaka ishirini. Wachukuzi wa mikokoteni wakawa wananipisha, mmoja akapiga kelele, "Babu, unaiendesha au inakuendesha?" nikampungia mkono kwa madaha (mkono mmoja tu, usukani ulikuwa unataka mwenyewe). Nikafika kwenye kona, magari yamesimama, nikabana breki. Breki zikashika vizuri sana. Baiskeli ikasimama vizuri sana. Nikashusha mguu ili niguse ardhi, na ardhi haikuwepo.

Nyie hamjawahi kuitafuta ardhi kwa mguu mkaikosa. Nilianza kulalia kushoto, taratibu, na kitu pekee kilichokuwa karibu ni lile sanamu la kuvalishia nguo mlangoni kwa duka la madera, basi nikalikumbatia, shavu kwa shavu, mikono miwili. Mwenye duka akatoka akanitazama, akasema kwa upole, "Mzee, huyo hauzwi. Dera ndilo linauzwa." Nikamwomba anisukume tu nikaondoka. Lakini hapo nikawa nimeelewa jambo muhimu: kwenda naweza, kusimama siwezi, labda kuwe na kitu cha kushika. Mtu mwenye akili angeshuka palepale. Mimi nikajiambia, ukweni hakukosi nguzo.

Mchikichini, pale kwenye mitumba, kuna tuta. Mimi sikuliona, maana nilikuwa nazitafuta pedali. Baiskeli ikaruka, nikaruka, tukakutana tena kwa maumivu ambayo sitaki kuyaeleza, na spika nayo ikaruka ikajipiga kwenye chuma cha keria. Yaani ikajipiga kofi yenyewe.

"DAWA YA KUNGUNI HIYOOO! Kunguni, mende, panya, viroboto! Unajikuna usiku kucha unasema ni joto? Siyo joto! Usione haya, mama, usione haya, baba! WENYEWE MNAJIJUA!"

Ilikuwa sauti ya Kasimu, ile ya puani. Baada ya hapo inanyamaza kidogo, kama kumpa kila mtu nafasi ya kujifikiria, halafu inaanza upya.

Nikapeleka mkono nyuma niipige kofi. Usukani ukaenda kwa mchuuzi wa viatu, nikaurudisha. Nikajaribu tena, safari hii nikaigusa, ila sijui niligusa wapi, maana badala ya kulala, sauti ikapanda. Watu wanageuka. Wanaona mzee wa kanzu na koti, kofia imekaa upande, anauza dawa ya kunguni kwa mwendo wa kukimbizwa na polisi. Mama mmoja mnene wa dera la njano akaibuka katikati ya magunia ya nguo, ameshika kandambili mkononi ili akimbie vizuri.

"Wewe wa dawa! Simama! Nakungoja tangu Jumanne!"

"Mama, mimi siye!"

"Siye vipi, na unatangaza?"

Nikapiga pedali. Nyuma yangu nasikia miguu yake, pa pa pa, na pumzi, na kila Kasimu akimaliza kusema "wenyewe mnajijua" yeye anaitikia, "Tunajijua, simama basi!"

Nikaingia mtaa wa ukweni saa kumi kasoro dakika mbili. Hilo naomba liandikwe. Pale barazani kulikuwa kumetandikwa mkeka mpya, wazee watano wamekaa, birika la kahawa katikati, Mzee Shomari mwenyewe ameinua mkono anatazama saa, na pembeni Mzee Hemedi wangu na kikombe chake. Nikatafuta nguzo. Walikuwa wamefagia, jamani. Kwa heshima yangu walikuwa wamefagia na kuondoa kila kitu mbele ya nyumba, hakuna hata ndoo. Nguzo ya umeme ilikuwepo, lakini chini yake alikuwa amekaa mama wa maandazi na karai la mafuta ya moto. Sasa nifanye nini?

"Assalamu alaykum!" nikawapungia, nikapitiliza.

"Wa alaykumu ssalaam," wakaitikia wote, halafu wakasikia kilichokuwa nyuma yangu. "USIONE HAYA, BABA! WENYEWE MNAJIJUA!"

Nikazunguka nyuma ya nyumba nikatokea tena. Safari ya pili madirisha yalikuwa yamefunguka, watu wamesimama milangoni, na mama wa nyumba ya mbele anamwambia mwenzake, bila hata kunong'ona, "Kwani kwa Mzee Shomari ndiko wameita mtu wa kunguni?" Mwenzake akajibu, "Ndiyo maana juzi walianika magodoro! Wakasema joto!" Na Kasimu kwenye spika, utadhani walikuwa wamepanga, akadakia: "SIYO JOTO!"

Nikamwona Mzee Shomari akisimama. Nikamsikia akimuuliza Mzee Hemedi, "Huyu mnamfahamu?" Na Mzee Hemedi, ambaye nimekula naye futari miaka ishirini, akatazama juu kwenye bati, akasema, "Kwa mbali namfananisha."

Safari ya tatu sikumaliza. Nilipotokea kwenye kona, yule mama wa dera la njano alikuwa ameshafika, amesimama katikati ya njia, mikono ameitandaza, miguu ameipanua, na nilipomfikia akaushika usukani kwa mikono miwili akanizuia kabisa, kama mtu anayekamata mbuzi pembe. (Nadhani mbuzi wa watu amezaliwa hapo.) Baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea. Nilitua magoti kwenye ukingo wa mkeka mpya, kahawa ikamwagika, kanzu ikachanika, pindo likabaki nyuma limenaswa kwenye mnyororo, mafuta meusi mpaka kiunoni.

"Nipe pakiti nne," yule mama akasema anahema. "Lakini wahudumie kwanza hawa wenye nyumba, maana naona unawazunguka tu, hali yao mbaya zaidi."

Mimi kichwani lilibaki neno moja tu, barua. Nikaingiza mkono kwenye koti, nikatoa leso nyeupe, nikainyoosha mbele kwa mikono miwili kwa adabu zote, macho chini. Ikapokelewa. Nikashukuru Mungu. Nikainua macho, nikaona ameipokea mama wa dera la njano.

"Siku hizi mnafunga vizuri," akasema, anaanza kufungua fundo.

"Mama," nikamwambia, na sauti ilinitoka kama ya mtoto, "hiyo ni posa."

Mtaa mzima ukanyamaza. Hata karai la maandazi nahisi lilinyamaza. Na katika ukimya ule, Kasimu akatamka polepole, neno kwa neno: "WENYEWE MNAJIJUA!"

Ndipo akatoka ndani Bi Mwajuma, shangazi yake Zuhura, dada mkubwa wa Mzee Shomari, mwanamke mwembamba ambaye akipita hata wanaume wanakaa vizuri. Akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli, akaizaba ile spika kofi moja. Ikalala. Akamnyang'anya yule mama leso, akaikung'uta, akasema, "Karibuni ndani, wageni wetu."

Ndani sikumbuki vizuri. Nilizungumza, nadhani, nikiwa nimejifunga shuka ya kuazimwa juu ya kanzu iliyochanika. Barua ilipokelewa, lakini Mzee Shomari hakucheka hata kwa bahati mbaya. "Umefika saa kumi kasoro mbili," akaniambia, "ukaanza shughuli saa kumi na dakika saba. Katikati hapo sijui niandike nini. Umekuja kuposa au kututangaza?" Akasema majibu yatatoka baada ya wiki mbili, na alivyosema wiki mbili nilijua anasema hapana.

Nilikuwa uani walikoiweka baiskeli, nalichomoa pindo la kanzu kwenye mnyororo, nimeinama, machozi yananilenga, siyaonei haya kuyasema, maana nilikuwa namfikiria Nassoro. Bi Mwajuma akaja akasimama nyuma yangu. Akatazama kushoto. Akatazama kulia.

"Hiyo dawa," akasema chini chini. "Ni ya kunyunyiza au ya kupaka?"

Nikamtazama. Akanitazama. Kwenye mkono wake, juu kidogo ya bangili, kulikuwa na vipele vitatu vimepangana mstari.

"Ya kunyunyiza, Bi Mkubwa."

"Mimi nitasema na kaka yangu," akasema. "Wewe sema na mtu wako wa dawa. Majirani nitawaambia wewe ni mtu wa dawa kweli, umepotea nyumba, na posa alileta yule mzee mwingine aliyekaa. Na ukiutaja mtaa huu kwa mtu yeyote, mkwe tunamrudisha."

Nassoro alikuja dukani jioni ileile, habari zilishamfikia (na mbuzi tayari alikuwamo). Hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda, akachukua zipu moja akawa anaifungua na kuifunga, kisha akasema, "Mjomba, si ungeenda tu kwa miguu." Hapo niliumia kuliko pale mkekani. Na wiki mbili nzima nikawa namtazama anavyokonda, na mdomo umefungwa, siwezi kumwambia kwamba ndoa yake ipo mikononi mwa shangazi anayejikuna.

Majibu yakaja kwa mjumbe: wamekubali, na wanaomba mshenga wa kuja kuzungumza mara ya pili awe yuleyule. Dada yangu alilia kwa furaha, akasema, ona wanavyokuheshimu. Nikaenda, kwa miguu, nimetoka saa tisa kamili, kwenye mfuko wa koti upande wa moyo kuna leso nyeupe ya fundo zuri, na ndani yake pakiti sita za Kasimu. Nilimkabidhi Bi Mwajuma kwa mikono miwili. Mzee Shomari akadhani ni zawadi ya shangazi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Wameoana, mwaka sasa. Mwezi uliopita Zuhura aliniandalia chai kwao, nikamwomba radhi kwa siku ile, naye akacheka mpaka akaweka birika chini. "Mjomba," akasema, "mimi nimelala na wale kunguni miaka miwili naambiwa ni joto. Ulipopita mara ya pili nilikuwa dirishani, nikasema, Mungu wangu, nifanye niolewe na ukoo huu." Nassoro akainamia kikombe chake, mabega yanatikisika.

Baiskeli nimempa Kasimu moja kwa moja, na nimeapa mbele ya mke wangu kwamba mguu wangu hautaning'inia tena juu ya kitu nisichoweza kushuka. Presha naishusha kwa kutembea. Ila kule Ilala Bi Mwajuma alitimiza ahadi yake vizuri mno, maana mpaka leo nikipita wananisimamisha, "Babu, leo umekuja na ya mende?" Na mama wa dera la njano bado ananidai pakiti nne. Mtaa sitautaja, nimeahidi. Wenyewe wanajijua.